Mfereji Ulioishia Njiani

Katika ukoo wetu mimi ndiye wa kwanza kujenga nyumba yenye vigae sakafuni. Iko Misunkumilo, pale Mpanda mjini, ina bati la kijani na kisima chake, na sebuleni nimetundika stashahada yangu ya umwagiliaji ndani ya fremu ya kioo. Sikuitundika kwa ajili ya wageni. Niliitundika kwa sababu hakuna mtu aliyenilipia. Ada ya mwaka wa kwanza niliipata kwa kuuza karanga na mayai ya kuchemsha stesheni ya Mpanda, treni ikiingia na treni ikitoka. Ya mwaka wa pili niliipata kwa kupakia marobota ya tumbaku Katumba mpaka mabega yakachubuka. Baada ya hapo nilifanya kazi miaka mingi mikoa ya mbali, kwenye mashamba makubwa ya mpunga, na yapo maji yanayotembea leo hii kwa sababu niliwahi kupita pale na kupigilia vigingi.

Niliporudi sikurudi kama wanavyorudi wengine, na begi moja na kikohozi. Nilirudi na pikapu yangu na leveli yangu mwenyewe, ile darubini ya miguu mitatu ya kupimia mwinamo wa ardhi. Wilaya nzima ukiuliza nani ana leveli ya kwake, si ya ofisi, utaelekezwa kwangu.

Nayasema haya mwanzoni ili msomaji ajue kwamba ninapoandika juu ya mfereji wa kwetu siandiki kama mtu asiyeijua kazi. Kazi niliijua. Ndiyo maana bado inaniuma.

Kwetu hasa ni upande wa Kasansa, huko Mpimbwe, ambako mama yangu anaishi mpaka leo na amekataa katakata kuhamia Misunkumilo. Anasema vigae vinamtelezesha. Ana majaruba ya mpunga kwenye mbuga ya chini, na kama majirani zake wote analima mara moja kwa mwaka, mvua ikinyesha. Baada ya mavuno mbuga inapasuka nyufa za kumeza mguu wa mbuzi. Na huku juu, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu, kuna kijito kinachoshuka mlimani ambacho hakikauki hata mwezi wa kumi. Tangu nikiwa mtoto nilisikia watu wazima wakisema maji yale yangeweza kuletwa mbugani. Walisema hivyo wakiwa wamekaa, kisha wakainuka wakaenda zao.

Mwaka ule nilioamua kuyaleta, tulifanya mkutano wa kijiji baada ya kuvuna mpunga. Nilisimama nikaeleza. Mtu pekee aliyeuliza swali la maana alikuwa jirani wa mama, Msukuma aliyekuja na ndugu zake na ng'ombe wao miaka kadhaa nyuma. Alikuwa manju, yaani yule anayetunga nyimbo na kuongoza ngoma ya kulimia. Mama alikuwa akimwita kaka kwa sababu ya ujirani, hivyo mimi nikamwita mjomba, naye akanirudishia mjomba hiyo hiyo, ingawa tulikuwa tunalingana umri.

"Mjomba," alisema, "hayo maji yatafika lini?"

"Kabla ya mvua, kama watu watachimba."

"Watachimba. Mimi nauliza hivyo kwa sababu wazee wangu wameshatuma vijana kuangalia ardhi kusini. Malisho hapa yamebana, na kulima mara moja hakutoshi. Mvua ya kwanza ikiotesha majani ya njiani, wanataka tuhame." Alitazama chini kidogo. "Mimi nimehama tangu nikiwa mgongoni mwa mama. Watoto wangu wamebadili shule mpaka hawajui waseme wanatoka wapi. Wazee wameniambia, maji yakifika mbugani kabla ya kupanda, tunabaki. Yasipofika, tunaondoka."

Nikamwahidi yatafika. Nilikuwa na haki ya kuahidi. Nilikuwa nimeshapima.

Sijawahi kuona watu wakichimba kama walivyochimba mwezi wa saba. Desturi ya manju na watu wake ni kwamba shamba kubwa hulimwa na makundi mawili yanayoshindana, kila kundi na ngoma yake, majembe yakirushwa juu na kudakwa na kushuka pamoja kama mkono mmoja. Wakalileta shindano hilo kwenye mfereji. Kundi la juu lilianzia mtoni, likiongozwa na manju mwenyewe. Kundi la chini lilianzia upande wa mbuga, wengi wao vijana wetu wa Kipimbwe ambao zamani walikuwa wakiitazama ngoma ile kwa mbali na kuicheka, na sasa walikuwa wameazima ngoma na kujifunza. Yangekutana katikati. Mshindi angekula dume la ng'ombe, mshindwa angebeba maji ya kulipikia.

Wanawake walikuja na togwa, na watu wa vijiji vya jirani walikuja kwa bodaboda kutazama tu, kisha wakajikuta wameshika majembe. Mimi nilitembea na leveli yangu nikipigilia vigingi mbele yao, na kwenye kila kigingi nikichora alama ya kina. Manju alinitungia wimbo siku hiyo hiyo. Ulisema mtoto wa dada alikwenda shule na miguu miwili, amerudi na mitano. Watu walicheka mpaka wakaweka majembe chini.

"Hicho kidude chako kina jicho moja, mjomba," aliniambia. "Sisi huku kila mtu ana mawili."

"Hilo moja halilewi," nikamjibu.

"Hapo umesema," akasema, na mstari huo nao akauingiza kwenye wimbo.

Shida ilikuwa imejificha ndani ya uzuri ule ule. Kwa wachimbaji wa ngoma, aibu kubwa kuliko zote ni kuchimba juu juu. Anayechimba kifupi huambiwa anakwangua kama kuku, na wimbo huo humfuata mpaka msibani. Lakini ardhi ina mabonde na migongo, na maji hayajali unachimba kwa nguvu kiasi gani, yanajali mwinamo tu. Palipokuwa na mgongo vigingi vyangu viliwataka wachimbe mpaka kiunoni, wakachimba. Palipobonyea viliwataka wachimbe mpaka magotini tu, na hapo nao wakachimba mpaka kiunoni. Ngoma ilikuwa imepamba moto, kundi lingine linasikika kwa mbali, nani angekubali kuonekana amesimama magotini? Mimi nilikuwa nimetangulia mbele na vigingi, nyuma yangu alama zangu zilikuwa zikifukiwa na udongo unaoruka.

Makundi yalipokutana, kundi la juu likiwa limeshinda, dume lilichinjwa, nami nilikula kama wengine. Kesho yake nikashuka mferejini na leveli. Pale walipokutana, sakafu ya upande wa juu ilikuwa chini ya sakafu ya upande wa chini kwa zaidi ya goti. Na nyuma yake palikuwa na mashimo marefu, moja baada ya jingine, kama mabwawa ya samaki. Ungefungulia maji yangeingia humo, yangelala, na yangebaki humo.

Nilikasirika. Nilikuwa nimeona mifereji yenye urefu mara kumi ya ule ikichimbwa bila kosa kama lile. Nikaitisha mkutano, nikaweka leveli katikati ya watu, nikawaita mmoja mmoja wachungulie. Vipimo vilikuwa vyangu na vilikuwa sahihi, hata leo ninavisimamia. Kisha nikasema kilichoharibu kazi ni ngoma.

Manju alikuwa amechuchumaa pembeni. "Ngoma haishiki jembe, mjomba," alisema.

"Inashika akili za wanaoshika jembe."

"Bila hiyo ngoma ungewapata wapi hao watu?"

"Ningewapata wachache wanaosikia."

Mwenyekiti wa kijiji alitusikiliza wote wawili, akatazama leveli, akaamua. Ngoma isimame. Kila kaya ipewe kipande chake cha kurekebisha, ifuate vigingi. Nilirudi kwa mama nikiwa nimeridhika, kwa sababu ndivyo kazi inavyofanywa mahali kazi inapofanywa vizuri. Manju aliibeba ngoma yake begani akaenda kwenye ng'ombe wake, na ndugu zake wakamfuata.

Msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, bila ngoma ulianza vizuri kiasi. Watu walikuja, wakachimba kimya, wakaondoka. Halafu wakaanza kuja wamechelewa. Halafu mtu akawa anamtuma mkewe, mke anasema mtoto ana homa. Kufika mwisho wa mwezi wa nane nilikuwa nasimama mferejini na wazee wachache na mwenyekiti, ambaye alikuja kwa sababu ya cheo chake. Vipande vilivyofukiwa vilifukiwa kwa uvivu, udongo ukatupwa tu bila kushindiliwa, na nilipomwaga ndoo moja ya maji kwa kujaribu, udongo ulititia kama uji. Mwezi wa tisa ulipita hivyo hivyo. Mimi nilikwenda Mpanda kwenye shughuli zangu, nikarudi, nikakuta jembe nililoliacha limesimama pale pale limeanza kupata kutu.

Nimelifikiria sana jambo hili. Kule nilikofanya kazi, watu walikuja saa moja asubuhi kwa sababu walilipwa. Mimi nilipiga vigingi na wao walichimba, na katika miaka yote ile sikuwahi kujiuliza ni nini kinachowaamsha. Mshahara ulikuwa ngoma ya aina yake, ila haukupigwa mbele yangu. Nilikuja kwetu nikidhani nimekuja na kazi nzima, kumbe nimekuja na nusu yake iliyo bora. Bado nasema ni iliyo bora. Lakini nusu ni nusu, hata ikiwa ya dhahabu.

Aliyetupatanisha ni mama, na hakutupatanisha kwa upole. Mwanzoni mwa mwezi wa kumi alinipigia simu Misunkumilo akasema anaumwa. Nilipofika nikamkuta anasonga ugali, mzima wa afya, na manju ameketi kwenye kigoda uani, naye ameitwa kwa uongo huo huo. Tukatazamana.

"Kaeni," mama alisema. "Hakuna mgonjwa. Kuna migebuka."

Tukanawa. Tukala. Mama alikuwa anatuangalia kama anaangalia mbuzi wawili waliofungwa kamba moja.

"Nyie mnanichosha," alisema mwishowe. "Mmoja anapima hachimbi, mwingine anachimba hapimi. Na mie hapa kaka yangu atahama, nitabaki naazima chumvi kwa nani?"

"Dada, mimi nimeambiwa ninaharibu," manju alisema.

"Uliharibu," nikasema.

"Basi kula, mjomba, usiongee na samaki mdomoni. Utajichoma mwiba na tutasema ni ngoma."

Mama alicheka, nami nikashindwa kujizuia. Ndipo manju alipouliza swali ambalo, nikiwa mkweli, lilipaswa kuulizwa mwezi wa saba, na mimi ndiye niliyepaswa kulijibu kabla halijaulizwa.

"Kile kidude chako kinaona nini hasa? Mimi nilichungulia siku ile, nikaona mtu amesimama kichwa chini. Sikutaka kuuliza mbele za watu."

Nikachukua sahani yenye mchuzi. Nikainamisha kidogo sana, mchuzi ukatembea polepole kwenda upande mmoja. Nikainamisha zaidi, ukakimbia. Kisha nikaweka mfupa wa samaki chini ya ukingo mmoja na tonge katikati, nikamwonyesha jinsi mchuzi unavyokwama nyuma ya tonge na kuzama mahali sahani ilipobonyea. Nikamwambia leveli haioni kina, inaona hiki tu. Kwamba mahali pengine goti moja ni kazi kubwa kuliko kiuno.

Alikaa na ile sahani mkononi kwa muda mrefu, akiiinamisha huku na huku, mpaka mama akamwambia aimalize au airudishe.

"Basi tulikuwa tunashindana kitu kisicho chenyewe," alisema. "Tulikuwa tunashindana nani ameenda chini. Ungetuambia tushindane maji, tungeshindana maji."

"Mtashindanaje maji?"

"Kila kundi kipande chake. Jioni tunamwaga ndoo. Maji yakifika kigingi cha pili bila kulala, mmeshinda. Yakilala, mmelala nayo."

Nilikuwa nimekaa darasani na watu wenye shahada, na hakuna aliyewahi kuniambia jambo la namna ile. Lakini hata yeye asingelisema bila sahani yangu. Ninapenda hilo lijulikane. Wazo lile halikuwa langu wala lake. Lilizaliwa kati yetu, juu ya migebuka ya mama.

Mimi nikaongeza la kwangu. Nikamwambia mashimo yaliyochimbwa kupita kiasi hayawezi kufukiwa kwa kutupa udongo, lazima yajazwe kwa matabaka membamba, kiganja kwa kiganja, na kila tabaka lilowanishwe na kushindiliwa kwa nguvu mpaka liwe gumu. Mashine ya kazi hiyo ipo, ila iko mbali.

"Kushindilia ni kukanyaga?" aliuliza.

"Ni kukanyaga sana."

Akacheka. "Mjomba, wewe unatafuta mashine, na sisi tunacheza kila siku mpaka vumbi linaomba radhi."

Siku zilizofuata ndizo ninazozitaja mtu akiniuliza ni kazi gani nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Sitaji mashamba makubwa ya mbali, ingawa yako kwenye wasifu wangu. Nataja mwezi wa kumi ule.

Ngoma ilirudi asubuhi na watu wakarudi nayo, kana kwamba walikuwa wamejificha nyuma ya vichaka wakiisubiri. Walimwaga udongo mashimoni, tabaka la kiganja kimoja, wanawake wakanyunyiza maji, halafu mstari mzima wa watu ukaingia mferejini ukacheza, miguu ikishuka pamoja, mbele na nyuma, mpaka nilipopigilia fimbo ya chuma nikaona inagoma. Hapo nilinyanyua mkono. Manju akabadili mdundo, na kila mtu akajua tabaka limekubali, leteni jingine. Tulikubaliana hivyo: mkono wangu ukiinuka, ngoma inageuka. Hakukuwa na amri nyingine. Mimi niliyekuwa nimesema ngoma imeharibu, nilijikuta nainua mkono kwa kufuata mapigo, na nikaona kwamba nikiuinua nje ya mapigo watu wanajikwaa. Nikajifunza kupima haraka.

Jioni palikuwa na kumwaga maji. Watu waliacha hata kupika. Kila kundi lilileta ndoo zake, likamwaga kwenye kigingi cha kwanza, na kijiji kizima kikatembea kimya pembeni ya ule ulimi mdogo wa maji ukijikokota kwenye vumbi. Sijawahi kusikia kimya cha watu wengi namna ile. Ulipofika kigingi cha pili kelele zilipanda mpaka ng'ombe walishtuka. Ulipokwama, upande wa pili ulianza kuimba hapo hapo.

"Wamechimba kitanda," waliimba. "Maji yamelala, leteni shuka."

Walioshindwa walirudi kesho yake kabla ya jua, bila kuitwa, wakaniamsha kwa mama wakitaka leveli. Vijana ambao hawakumaliza darasa la saba walikuwa wanabishana nami juu ya mwinamo. Mmoja alinivuta mkono akasema, "Kaka, kigingi chako hiki kimeinama, pima tena." Nikapima tena. Kilikuwa kimenyooka, nikamwambia, akaomba achungulie mwenyewe. Nilimpa. Leveli yangu ambayo nilikuwa simruhusu hata msaidizi wangu aiguse, ilipita mikononi mwa kijiji kizima mwezi ule, na hakuna aliyeiangusha.

Mimi mwenyewe nilivua shati. Nilicheza. Nacheza vibaya, nilijua hilo tangu zamani, na manju alihakikisha wote wanalijua kwa wimbo.

Tulirekebisha sehemu yote ya juu, tukapita pale palipokosewa katikati, tukaendelea kushuka. Ulibaki mwamba mmoja mpana ambao ulihitaji kuzungukwa, na baada ya huo mteremko wa kwenda mbugani. Nilipiga hesabu. Kwa mwendo ule tulihitaji wiki chache tu, kama mvua zingekuja wakati wake. Ni wiki chache kuliko zile tulizozipoteza kati ya mwezi wa nane na wa tisa, mimi nikiwa Misunkumilo na haki yangu, yeye akiwa kwenye ng'ombe na uchungu wake.

Mvua haikusubiri. Ilinyesha mlimani mapema, usiku mmoja na mchana wake, na kijito kikashuka na magogo. Asubuhi tulipokwenda kutazama, banio letu, ule ukuta wa mawe na viroba vya mchanga tuliokuwa tumeujenga kijitoni ili ugeuze maji yaingie mferejini, halikuwepo. Hata mahali lilipokuwa ilibidi tubishane. Mfereji wenyewe ulikuwa mzima. Zile sehemu tulizozishindilia kwa kucheza zilikuwa zimebaki kama zimepigwa saruji, maji ya mvua yamepita juu yake na kuziacha safi. Nilizipapasa kwa kiganja. Kazi ile ilikuwa nzuri, na ilikuwa imeishia kwenye mwamba.

Nikamwambia manju banio linaweza kujengwa upya maji yakipungua. Alitikisa kichwa kukubali.

Baada ya siku si nyingi majani yalianza kuota. Nilikuwa Mpanda, mama akanipigia. Safari hii hakusema anaumwa. Alisema, "Wanafungua zizi."

Niliendesha pikapu kwenye tope bila kusimama. Nilipofika nyumba yao ilikuwa imeshaezuliwa, mabati yamefungwa juu ya baiskeli, wanawake wanafunga vyungu kwa kanga. Watoto wake walikuwa wamevaa sare za shule, kwa sababu ndizo nguo nzuri walizokuwa nazo za safari. Wazee walikuwa wamekwisha tangulia na ng'ombe wakubwa. Mama alikuwa amesimama na mke wa manju, wameshikana mikono.

Manju mwenyewe alikuwa anafunga ndama kamba.

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nikamweleza umbali uliobaki mpaka mbugani. Nikamweleza kwamba mwamba unaweza kuzungukwa upande wa kaskazini, kwa kuwa nimepima na mwinamo unakubali. Nikamweleza banio jipya litajengwa kwa mawe makubwa zaidi, mwezi wa sita, na kwamba kwa watu wale wale na kwa mwendo ule ule, mwaka kesho wakati kama huu maji yatakuwa majarubani kwa mama. Nikamwambia awaombe wazee mwaka mmoja tu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu wa kusikiliza, nilipompa nafasi.

"Mjomba, hayo yote ni kweli," alisema. "Nimeyaamini yote. Ningekuwa peke yangu ningebaki." Akakaza fundo la kamba. "Wazee waliniuliza kitu kimoja, maji yamefika? Sikuwa na jibu refu."

"Uliwaeleza kazi ilivyokuwa mwezi wa kumi?"

"Niliwaeleza. Niliwaimbia hata. Walipenda." Alitabasamu kidogo. "Wakaniuliza, na mwezi wa nane mlikuwa mnafanya nini?"

Hakulisema kwa kunichoma. Ndiyo maana lilinichoma. Alimwita mtoto wake mkubwa amshike ndama, akanipa mkono kwa mikono miwili, akamwinamia mama yangu, akasema, "Dada, tutapigiana simu." Kisha wakaondoka wakifuata nyayo za ng'ombe waliotangulia, na baada ya muda vichaka viliwafunika.

Mwaka uliofuata nilijaribu. Siwezi kusema sikujaribu. Nilinunua viroba kwa fedha yangu mwenyewe, nikapiga vigingi kuuzunguka mwamba, vigingi vizuri, vya mninga. Vijana wetu walikuja siku za mwanzo na ngoma ya kuazima, wakapiga, lakini hapakuwa na wa kutunga wala wa kushindana naye, wakawa wanarudia nyimbo za mwaka jana zinazomtaja mtu ambaye hayupo. Vigingi vile bado viko pale, na mama huvitumia kufungia mbuzi.

Lakini siku ile, walipotokomea, mimi nilibaki nimesimama uani kwao, penye mafiga ambayo bado yalikuwa ya moto. Mama aliniambia twende. Nikamwambia asubiri kidogo. Nilikuwa bado nina hoja mbili ambazo sikuwa nimezisema, zote mbili nzuri, na nilikuwa nazipanga ipi ingeanza.